Taa ya Upepo Haijui Pikapu Imebeba Nini

Fungua mlango wa dereva wa pikapu, uinamie nguzo ambayo mlango huo hufungia. Utakuta kibandiko kidogo ambacho wamiliki wengi hawajakisoma tangu wanunue gari. Kinataja saizi ya tairi, kisha kiasi cha upepo kwa matairi ya mbele na ya nyuma. Kwenye pikapu nyingi kiasi hicho hutajwa mara mbili: gari likiwa tupu au na watu wachache, na gari likiwa na mzigo kamili. Kwenye gari dogo la kutembelea, tofauti ya safu hizo mbili huwa ndogo, na mara nyingine haipo kabisa. Kwenye pikapu inaweza kuwa kubwa kwa matairi ya nyuma, kwa kuwa ekseli ya nyuma ndiyo inayobebeshwa karibu kila kilo inayopakiwa bodini.

Naanza na kibandiko kwa sababu mazungumzo mengi juu ya taa ya upepo huanzia pasipo penyewe. Watu huuliza ile taa ya njano yenye umbo la tairi lililokatwa na alama ya mshangao katikati ina maana gani, na inazimwaje. Swali lenye uzito ni jingine: taa hiyo inaulinganisha upepo wa tairi na namba ipi? Ukilijua jibu lake, utaona kwa nini mwenye pikapu anahitaji geji, na ujuzi wa kuisoma, kuliko mwenye saluni.

Taa yenyewe imetokana na vifo. Agosti 2000 kampuni ya Firestone ilitangaza kuyaondoa barabarani matairi milioni 6.5 nchini Marekani. Ilikuwa imebainika kwamba tabaka la juu la mpira, lile linalogusa lami, lilikuwa likibanduka gari likiwa katika mwendo mkali. Mengi ya matairi hayo yalifungwa kwenye Ford Explorer, gari lililojengwa juu ya msingi wa pikapu ya Ranger. Watu wa Ghuba walikutana na tatizo hilo kabla ya Wamarekani wengi kulisikia, kwani Ford ilianza kuwabadilishia wateja matairi Saudi Arabia mwaka 1999, kwenye joto la jangwa na barabara zilizonyooka ambako gari hukimbia saa nzima bila kupunguza mwendo. Katika taarifa zilizofikishwa kwa NHTSA, mamlaka ya usalama wa magari ya Marekani, vifo vilivyohusishwa na matairi hayo vilifika 271.

Kampuni hizo mbili zikarushiana lawama, na kiini cha ugomvi wao kilikuwa namba moja. Kibandiko cha Explorer kilisema psi 26. Firestone ikataka iwe 30. Uchunguzi wa NHTSA uliona kasoro katika tairi lenyewe, hivyo haitoshi kusema chanzo kilikuwa upepo. Lakini upepo mdogo uliipunguza akiba ya uvumilivu ambayo tairi lolote linapaswa kuwa nayo. Tairi lenye upepo pungufu hujikunja zaidi ubavuni kila linapozunguka. Kujikunja huko huzalisha joto, na joto hudhoofisha mshikamano wa mpira na nyuzi za chuma zilizomo ndani yake. Ongeza mzigo na mwendo, joto hupanda zaidi. Kwa nje huoni kitu mpaka mpira uanze kuachia.

Bunge la Marekani likapitisha sheria ya TREAD mwaka huohuo wa 2000, na kutokana nayo zikatungwa kanuni zilizolazimisha magari yote mapya mepesi, pikapu zikiwemo, yawe na mfumo wa kutoa onyo la upepo kufikia Septemba 2007. Kanuni hizo zinamtaka mtengenezaji ahakikishe taa inawaka pale tairi lolote linapokuwa limepungukiwa na asilimia 25 au zaidi ya kiwango kilichoandikwa kwenye kibandiko. Sasa chukua pikapu ambayo kibandiko chake kinasema psi 35. Robo yake ni karibu 9. Sheria inaridhika taa ikiwaka kwenye psi 26, namba ileile iliyozua ugomvi wa Explorer. Mtengenezaji yuko huru kuiwasha mapema zaidi, na wengine hufanya hivyo. Lakini kwa mujibu wa sheria, tairi linaweza kukaa psi 28 mwaka mzima bila dashibodi kusema neno.

Ulaya ilifuata baadaye kwa masharti makali kidogo. Magari ya abiria yalibanwa kati ya 2012 na 2014, ilhali pikapu na magari mengine mepesi ya mizigo yalisubiri hadi Julai 2022 kwa aina mpya. Nauona mpangilio huo kama kosa. Gari ambalo uzito wake hubadilika kila siku ndilo lililowekwa mwisho wa foleni, na lile ambalo uzito wake haubadiliki sana likapewa ulinzi kwanza. Kwetu Afrika Mashariki, Land Cruiser za mfululizo wa 70 na Hilux za zamani zinazobeba nusu ya shughuli za vijijini hazina mfumo huo kabisa.

Turudi kwenye mzigo, maana hapo ndipo pikapu inapoachana na magari mengine. Chukua tairi la saizi 265/65R17 lenye namba 112 ubavuni, ambalo ni la kawaida kwenye Hilux na Ranger. Namba 112 ina maana tairi moja linaweza kubeba kilo 1,120, lakini kwa sharti kwamba lina upepo uliokusudiwa, ambao kwa tairi la kawaida la aina hiyo ni kilopaskali 250. Upepo ukishuka, uwezo hushuka nao. Kwa hesabu ya viwango vya Ulaya, kwenye kilopaskali 180 tairi hilo linabaki na uwezo wa takriban kilo 860. Mawili ya nyuma kwa pamoja ni kilo 1,720, na ekseli ya nyuma ya pikapu za ukubwa huo huruhusiwa kubebeshwa takriban kilo 1,700 na zaidi. Akiba imekwisha. Na kilopaskali 180 ndiyo robo tatu ya 240, yaani pale ambapo taa ya gari lenye kibandiko cha 240 inalazimika kuwaka.

Halafu mtu anapakia viazi Makambako kwa magunia ya lumbesa, ambayo kila moja linapita kilo 100, bila kuongeza upepo nyuma. Tuseme kibandiko kinataka kilopaskali 300 kwa mzigo kamili, na matairi yana 230 kama yalivyokuwa asubuhi gari likiwa tupu. Upungufu ni karibu robo. Kwa mzigo ule, hiyo ni hali ya hatari. Lakini ikiwa mfumo umewekewa kiwango cha gari tupu, tuseme 240, hauoni tatizo lolote: 230 iko karibu sana na 240. Taa inakaa imezimwa tangu Makambako hadi mteremko wa Kitonga na mbele yake, ikisema kweli kabisa kwa namba iliyopewa. Baadhi ya pikapu za miaka ya karibuni humruhusu dereva kuuambia mfumo kwamba sasa gari limebeba mzigo, na taa ikahamia safu ya pili ya kibandiko. Kama yako ina nafasi hiyo, itumie. Kama haina, kazi hiyo ni yako na geji.

Na geji ndiko kwenye vurugu ya vipimo. Hilux nyingi mpya zinazouzwa kanda yetu hutoka Durban au Thailand, Ranger hutoka Pretoria, na vibandiko vyake huandikwa kwa kilopaskali. Gari lililotoka Japani huwa na kilopaskali pia, na mara nyingi pembeni kuna kilo kwa sentimita mraba, kipimo ambacho Wajapani walikitumia kabla ya kuhamia rasmi kwenye vipimo vya kimataifa katika miaka ya 1990. Gari la Ulaya hutaja bar. Gari la Marekani hutaja psi, yaani pauni kwa inchi ya mraba, na kipimo hicho ndicho mafundi wetu wengi wanachokizungumza. Ukisikia mtu akimwambia fundi pancha, “Weka thelathini na tano,” anazungumza psi hata kama hajawahi kuiona pauni wala inchi.

Itazame geji ya mshale ya kituo cha mafuta kwa karibu. Uso wake una duara mbili za namba. Ya nje, mara nyingi kwa wino mweusi, inaanzia sifuri hadi 100 au zaidi, ikiwa na alama ndogo kila baada ya 2. Ya ndani, nyekundu na ndogo zaidi, inaanzia sifuri hadi 7 au zaidi kidogo, na chini yake pameandikwa kg/cm² kwa herufi ambazo vumbi na mafuta vimekwisha kuzila. Kwenye geji nyingine rangi zimebadilishana nafasi. Kioo kimekwaruzwa, na mshale unaanza kutetemeka mpira unapokaa vibaya kwenye valvu. Dereva amesoma kibandiko chake: 2.4. Fundi anatazama duara kubwa, anaona 24, anaridhika. Psi 24 ni kilopaskali 165. Tairi limejazwa chini hata ya kiwango cha kuwasha taa, na wote wawili wanaamini wamefuata kibandiko.

Hesabu yenyewe si ngumu. Bar moja ni kilopaskali 100, hivyo 2.4 na 240 ni kitu kimoja. Bar moja ni psi 14.5, na kilo moja kwa sentimita mraba ni psi 14.2. Ukichukulia bar na kilo kwa sentimita mraba kuwa sawa, utakosea kwa asilimia mbili, ambayo kwa tairi la pikapu haifiki psi moja. Geji nyingi za mitaani hukosea zaidi ya hapo. Aliye na kilopaskali mkononi na anataka psi agawe kwa 7: 240 inatoa 34 na kidogo, na jibu kamili ni 34.8, 280 inatoa 40, na jibu kamili ni 40.6. Hesabu hiyo hupunguza kidogo tu, kwa hiyo akipanda hadi namba nzima inayofuata yuko salama. Muhimu zaidi ni kutambua kipimo kwa ukubwa wa namba yenyewe. Kwa pikapu, namba yenye nukta kama 2.2 au 3.0 ni bar au kilo. Namba ya kati ya 28 na 50 ni psi. Namba ya mamia ni kilopaskali. Hakuna tairi la pikapu linalotaka psi 3, wala psi 240.

Kosa la upande wa pili ni kuisoma namba iliyochapwa ubavuni mwa tairi. Utaona maandishi ya uzito wa juu kabisa na upepo wa juu kabisa, kama vile kilopaskali 350 au psi 51. Kwenye matairi ya LT yenye alama E, yale ya pikapu nzito za Kimarekani, huwa psi 80. Hicho ni kikomo cha tairi. Aliyeliunda tairi hajui litafungwa kwenye gari gani, ndiyo maana kibandiko cha mlangoni ndicho cha kufuatwa. Pikapu tupu yenye psi 50 nyuma hurukaruka kwenye barabara ya changarawe na kupoteza mshiko, hasa kwenye kona zenye mawimbi ya udongo, na wanaoendesha maporini wanalijua hilo kwa mwili.

Kibandiko kinasema pia kwamba upepo upimwe tairi likiwa baridi. Maana yake gari limesimama saa tatu hivi, au limetembea kilometa moja tu na ushei. Baada ya safari, geji kuonyesha psi 4 hadi 6 zaidi ni jambo la kawaida. Anayeutoa upepo huo ili arudi kwenye 35 atakuta 30 kesho asubuhi. Huu ni uharibifu unaofanywa na madereva makini, wanaopima kila wanaposimama, na unauma kwa sababu umetokana na nia njema.

Mwinuko wa nchi nao una lake. Geji haipimi msukumo wote wa hewa ndani ya tairi. Inapima ni kiasi gani unazidi ule wa hewa ya nje. Pwani, hewa ya nje husukuma kwa kilopaskali 101. Mbeya, kwenye mita kama 1,700, ni karibu 82 na nusu tu. Blaise Pascal, ambaye jina lake limo ndani ya kilopaskali, alilithibitisha jambo hili mwaka 1648 kwa kumtuma shemeji yake Florin Périer apande mlima Puy de Dôme nchini Ufaransa akiwa na bomba la zebaki, na zebaki ikashuka kadiri alivyopanda. Tairi lililojazwa kilopaskali 240 Dar es Salaam kwenye joto la nyuzi 28, likifikishwa Mbeya bila joto kubadilika, geji itaonyesha kama 258. Lakini Mbeya ya Julai alfajiri inaweza kuwa nyuzi 8, na baridi hiyo peke yake inashusha kama kilopaskali 23. Viwili hivyo karibu vinafutana, na geji inasoma 236.

Dashibodi inaweza kusema tofauti. Sensa zinazofungwa ndani ya rimu kwa kawaida hupima msukumo wote, kisha gari likatoa hewa ya nje kwa hesabu. Magari mengine hutoa hewa ya mahali yalipo. Mengine hutoa kiasi kilekile cha usawa wa bahari popote yaendapo, na yakifika Mbeya au Nairobi hupunguza karibu psi 3 kwenye kioo cha dashibodi. Hapo ndipo mwenye gari anapogombana na fundi: geji inasema 34, kioo kinasema 31. Wote wawili hawajadanganya. Kwa safari za nyanda za juu, geji nzuri ndiyo ya kufuatwa, maana tairi hufanya kazi kwa tofauti kati ya ndani na nje.

Sensa hizo zina ukomo wa maisha. Betri zake zimefungwa ndani ya plastiki na hazibadilishwi. Hudumu takriban miaka 5 hadi 10. Kenya hairuhusu kuingiza gari lenye zaidi ya miaka 8, na Tanzania huliongezea kodi gari lililozeeka, lakini hata la miaka 7 linafika bandarini na sensa zilizobakiza muda mfupi. Zinapokufa, taa ile ile huanza tabia nyingine: humweka kwa dakika moja au moja na nusu kila unapowasha gari, kisha hubaki inawaka. Kumweka huko kunasema mfumo umeharibika, hakusemi upepo umepungua. Wanaojua tofauti hiyo ni wachache, na matokeo yake dereva huzoea taa inayowaka kila siku, hata siku ya pancha ya kweli asiitofautishe. Kabla ya kununua mpya, uliza masafa ya redio. Sensa nyingi za Japani na Marekani hutumia megahezi 315, za Ulaya na masoko mengi 433, na gari halisikii masafa lisiyoyazoea.

Mifumo mingine haina sensa ndani ya tairi kabisa. Hutumia vipima mwendo vya breki za ABS: tairi lililopungua upepo huwa na kipenyo kidogo kidogo, hivyo huzunguka haraka kuliko wenzake. Mfumo huo ni rahisi kutunza, lakini haukupi namba, na matairi yote manne yakipungua sawasawa kwa miezi hauna la kulinganisha nalo. Tena ukishajaza upepo lazima ubonyeze kitufe cha kuuanzishia upya. Ukikibonyeza matairi yakiwa na upepo mdogo, umeufundisha kwamba upungufu ndio hali sahihi.

Mafundi wetu wa pancha hawajafundishwa hayo, na si haki kuwalaumu wao tu. Chuma cha kufungulia tairi hupitishwa karibu na valvu kwa sababu hapo ndipo mkono ulipozoea, na ndipo sensa ilipo. Mwambie fundi kabla hajaanza: “Fundi, kuna sensa hapo kwenye valvu, anzia upande wa pili.” Gundi ya kuziba pancha inayomiminwa ndani nayo inaweza kuziba tundu la sensa. Na tairi la zamani la tyubu, kama 7.50R16 la Land Cruiser, halifai kwa sensa za ndani ya rimu, kwa kuwa tyubu hukaa kati yake na hewa. Kwa magari hayo kuna sensa ndogo za kufungwa nje, juu ya valvu, zenye kioo chake cha kuweka dashibodini. Faida yake kwa pikapu ni kwamba nyingi humwachia mwenyewe apange kiwango cha kuwasha onyo. Unaweza kuziwekea 270 siku ya viazi na 210 siku ya kurudi tupu. Ni nafasi ambayo pikapu nyingi ghali haziitoi.

Inabaki spea. Kwenye pikapu nyingi inaning’inia chini ya bodi, karibu na ekseli ya nyuma, ikipigwa na matope na mawe, na mara nyingi haina sensa. Hakuna taa itakayokuambia imebaki na psi 15. Ipime kila unapopima mengine, ukichuchumaa kama inavyobidi, na uijaze hadi kiwango cha nyuma cha mzigo kamili. Ikihitajika mbele, au gari likiwa tupu, upepo wa ziada hutolewa kwa ncha ya ufunguo. Ikiwa pungufu, kilometa 60 kutoka kituo cha mafuta kilicho karibu, utahitaji kompresa ambayo huna.